Neno Sikioni mwa Mkongomani

Jumatatu, 9 Februari 2015

Miavuli minne kabla ya chai. Mmoja ni wa padri, vyuma vyote vimepinda, sijui anapigana na nani humo parokiani. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi Bwera nzima inakumbuka kwamba ina miavuli mibovu. Basi wananikumbuka na mimi.

Yuko uwanjani tena. Kasereka. Namwona kutoka hapa kibandani bila kuinua kichwa, na bado nakiinua. Ameshika kile chuma, bomba la maji ambalo vijana wa boda walilichomelea juu ya nguzo mbili, na anajivuta. Kidevu juu ya chuma. Anashuka taratibu. Kidevu juu tena. Mzee wa nywele nyeupe kama mimi! Kisha ameshika nguzo ya pembeni kwa mikono miwili, akalaza mwili wote hewani, kichwa huku, miguu kule, kama bendera ya shule siku ya upepo. Boda wote wamepiga honi. Wanamwita Afande. Mimi wananiita Mzee wa Miavuli.

Mimi pia nilitaka kupiga kitu.

Ni wivu. Hapa hakuna wa kunisikia, naweza kuuita jina lake. Mzima, wenye afya, unakula vizuri.

Jumatano, 11 Februari

Huku kwetu Uganda na kule kwao Kongo majina ni foleni. Mtoto wa kiume wa kwanza Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, ambaye wakivuka mpaka wanamwita Kasereka. Mimi ni Bwambale. Yeye ni namba tatu. Kwa hiyo ni mdogo wangu, hata kama mama zetu hawakujuana.

Leo amepita na madumu yake ya mafuta ya mawese. Amesimama, akavua kofia. "Jambo, Yaya." Yaani kaka mkubwa.

Nimeitikia kwa pua. Mtu mbaya kabisa. Hata nafasi ya kumchukia hanipi.

Jumapili, 15 Februari

Leo nimeona kitu.

Daktari alimwambia Masika, mke wangu, kwamba magoti yake hayataki dawa peke yake, yanataka kazi. Vizuri. Kazi iko nyumbani. Lakini baada ya ibada yetu hakurudi nyumbani. Amekwenda uwanja wa Wakatoliki, na sisi ni Waprotestanti tangu babu yangu. Huko Kasereka anafundisha akina mama wazee kuchuchumaa na kuinuka, na kusukuma ukuta wa parokia kama wanataka kuuhamisha.

Nilikuwa nje ya ua na mwavuli wa padri mkononi. Nilikuwa naupeleka. Padri hakuwepo, basi nikasubiri. Nilisubiri sana.

"Bamama, munisikilize," Kasereka amesema. "Mwili haipendi mbio. Kila mutu achague kitu moja tu, kubwa, ya mwaka muzima. Kisha tutaikata vipande-vipande. Leo kipande, kesho kipande. Na aseme kwa sauti, wenzake basikie."

Wakasema. Jirani yetu Biira, ambaye mdomo wake hauna mlango, akapaza: "Mimi nataka nichuchumae chooni na niinuke bila kushika ukuta!" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini niliona vichwa vingi vinaitikia. Mwingine anataka kujitwika dumu la maji bila kuomba mtu. Mwingine anataka kupiga magoti kanisani na kuamka pamoja na wenzake, si mwishoni.

Ikafika zamu ya Masika. Hakupaza. Alisogea, akamnong'oneza Kasereka sikioni.

Kasereka akaitikia kwa kichwa, polepole. Akaweka mkono kifuani. Mkono kifuani!

Huyu mwanamke hajawahi kuninong'oneza hata siku moja. Mimi ananipigia kelele tu.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeuliza. Amesema, "Ni langu." Nimeuliza tena kwa njia ya kuzunguka. Amesema, "Baba Mumbere, mwavuli wa padri bado unavuja."

Ijumaa, 27 Februari

Siku ya soko. Nimefanya ujinga mbele ya watu wengi iwezekanavyo, maana ujinga wa peke yako hauna faida.

Nimevuka barabara, nikasimama chini ya chuma, nikatangaza: kufika Krismasi nitafanya bendera. Ile ile ya Kasereka. Thembo, yule kijana wa boda mwenye meno mengi kuliko akili, akauliza, "Mzee, bendera ya nchi gani? Tutafute wimbo!" Wakaimba wa kwao papo hapo.

Kasereka hakucheka. Ingekuwa heri angecheka. "Yaya, bendera iko mbali. Kwanza uninginie. Tu kuninginia."

Nikaruka, nikashika. Vidole vikafunguka vyenyewe, kama mwavuli wa bei rahisi. Nikakaa kwenye tope.

Nieleze kwa haki yangu. Nguvu ninazo. Ujana wangu wote nilikuwa mchukuzi mlimani. Tulipanda Rwenzori na mizigo ya wazungu, ukanda umepita kwenye paji la uso, mzigo umelala mgongoni. Hivyo ndivyo sisi tunavyobeba. Shingo yangu ni ya fahali. Miguu yangu hata leo ingeweza kumwaibisha Thembo na pikipiki yake. Lakini mikono? Mikono ilikuwa ya kushika fimbo na kiko. Hakuna aliyeiambia kwamba uzeeni itaitwa kazini.

Mpango wangu ni huu. Pasaka, kuning'inia kama mwanaume. Katikati ya mwaka, kushuka polepole kutoka juu, maana Kasereka anasema kushuka ndiko kunakofundisha kupanda. Mvua za Septemba, kidevu juu ya chuma. Krismasi, bendera. Na mahali fulani katikati, kujua neno la Masika. Hilo ndilo la kwanza, mengine ni mapambo.

Jumanne, 17 Machi

Masika ameinuka kwenye kigoda bila kunishika bega.

Kwa miaka alikuwa analishika. Mkono wake ulikuwa unatua hapa kushoto, mzito, bila kuuliza, akajisukuma juu, akaenda zake bila asante. Leo ameshuka, ameinuka, ameenda. Bega langu limekosa kazi.

Nimekaa na lile bega asubuhi nzima. Nina wivu hata na magoti yake.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Pasaka imefika, kuning'inia hakujafika. Naning'inia muda wa kukohoa. Kasereka anasema ni vizuri, mwezi uliopita ulikuwa muda wa kupiga chafya.

Amemletea Masika chupa ya mawese. Zawadi ya sikukuu, anasema, kwa bamama wote. Nimechunguza. Ni kweli kwa wote. Hiyo haikunisaidia.

Masika amepika maharage kwa yale mawese. Nimekula na hasira. Nikaongeza.

Alhamisi, 14 Mei

Kasese mjini, kununua vyuma vya miavuli. Nimepita pale penye nyumba ya mazoezi yenye vioo ukuta mzima. Vijana wanajitazama kuliko wanavyobeba. Nimemwomba mwalimu wao anifundishe bendera kwa haraka. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka gambuti.

"Mzee, kwa nini?"

"Kwa sababu ya Mkongomani."

Alinionyesha mlango kwa heshima. Alisema haraka ni ya vijana, na hata kwao ni uongo. Kumbe Kasereka amekwisha kuwaambukiza mpaka Kasese.

Stendi nimekutana na watu wa Mahango. Mama mkwe wangu anatuma salamu. Bado yuko kulekule juu ya mlima, anachagua kahawa yake, hataki kushuka, na anauliza Masika atakuja lini. Ile njia Masika hajaipanda tangu mwaka juzi. Mwaka juzi wenyewe hakupanda, alipandishwa. Vijana wanne na machela. Basi yule bibi alipoona machela inapanda kona kwa kona, akatupa ungo, akaanza kulia msiba, majirani wakaja na kuni za matanga, na marehemu mwenyewe akakaa akaomba maji! Hiyo hadithi sijapata mteja asiyecheka nayo. Nimemsimulia hata dereva wa leo. Nusura atuangushe mtaroni.

Jioni nimempa Masika salamu. Nikamwambia kwa moyo mweupe, usijali, nitatafuta tena vijana wanne na machela. Nikaongeza la kuchekesha, kwamba safari hii tutatanguliza mtu mbele apige tarumbeta.

Hakucheka. Ametoka nje. Chakula hakugusa.

Sijui nimesema nini.

Jumamosi, 20 Juni

Kibandani hakuna mvua, hakuna kazi. Nafanya kazi ya kutazama.

Masika sasa anachuchumaa mpaka chini kabisa na furushi la kuni kifuani. Anapanda na kushuka ngazi za parokia. Anapumua, anapumzika, anarudia. Kasereka anasimama pembeni, mikono nyuma. Hamgusi. Nimetazama kwa makini mno, nikitumaini atamgusa ili nipate kesi. Hamgusi. Anasema tu, "Pole pole, mama. Ingine."

Namchukia kwa ile "ingine".

Mimi? Kushuka polepole bado kunanishinda. Nakwenda juu kwa kigoda, natoa kigoda, nakuja chini kama gunia.

Jumapili, 12 Julai

Naandika nikiwa kitandani. Shingo haigeuki. Mji mzima unajua.

Nilikuwa na akili, hilo liandikwe kwanza. Nilijiambia: nguvu zako, Bwambale, ziko kwenye paji la uso. Mikono ni mwanafunzi. Basi mwalimu amsaidie mwanafunzi. Nikachukua ukanda wangu wa zamani wa mlimani, nikaufunga kwenye boriti la banda la mbuzi, nikatia paji la uso kwenye ukanda, mikono ikashika boriti. Kichwa kibebe nusu, mikono ibebe nusu, mpaka mikono izoee. Mchukuzi yeyote wa zamani angenielewa. Nikakunja miguu. Ikawa inafanya kazi! Nilikuwa nakwenda juu!

Biira akaja kuomba chumvi.

Aliona miguu ya mtu hewani na ukanda umetoka kwenye boriti. Hakuangalia ukanda umeishia wapi. Sauti yake ilifika Mpondwe, mpakani. "Mzee Bwambale anajinyonga! Kwa ajili ya Mkongomani!"

Hata Biira alijua kwamba ni kwa ajili ya Mkongomani. Hilo limeniuma kuliko shingo.

Walikuja wote. Mchungaji akiwa na leso ya chakula shingoni. Mwenyekiti wa kijiji. Thembo na pikipiki ya kunikimbiza hospitali. Nilipiga kelele kwamba niko kwenye mazoezi, lakini mtu anayepiga kelele akiwa ananing'inia hasikilizwi. Kasereka ndiye aliyefika wa kwanza. Alinishika magoti, akaniinua mzimamzima kama mkungu wa matoke, akaniweka begani.

Na nikiwa hapo, kichwa chini, begani mwa adui yangu, nikamwona Masika. Alikuwa anatoka njia ya kisimani. Alikuwa anakimbia. Yale magoti. Anakimbia kabisa, kanga imefunguka, viatu amevitupa.

Alifika. Akanitazama. Akaona alama ya ukanda kwenye paji la uso, si shingoni, na akaelewa yote palepale, maana ameishi nami. Akanizaba kofi.

Halafu akakaa chini kwenye majani ya mbuzi akatetemeka mpaka Biira akamshika.

Jumanne, 14 Julai

Watu wamekuja na miavuli mizima ili wapate kunitazama. Mchungaji amekuja kuomba. Nimemwacha aombe, ilikuwa fupi kuliko kueleza.

Masika haniambii kitu. Ananisugua shingo kwa mawese ya Kasereka. Mikono yake ina hasira lakini inasugua.

Jumatatu, 10 Agosti

Mvua kubwa. Kasereka amekimbilia kibandani kwangu, hakuna kwingine. Tumekaa magoti kwa magoti katikati ya miavuli ya watu.

Nikaona ni nafasi yangu. "Kasereka. Masika alikuambia nini ile siku?"

"Yaya, ile iko ya mama. Mi siko posta."

"Mimi ni mume wake."

"Ndiyo. Basi uulize mke yako."

Mvua inapiga bati. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini mzee wa umri wake anajitundika kwenye bomba kila asubuhi kama popo. Nilitaka ajibu upuuzi nipate kumcheka.

Alitazama mikono yake. "Kule kwetu, njia ya Beni, niliacha nyumba, niliacha duka. Mama ya batoto alibaki. Kwa udongo." Akakunja vidole. "Nikikaa chini, kichwa inaongea mingi. Nikiwa kwa chuma, inanyamaza. Hapana kuweza kufikiri na kuninginia pamoja. Ujaribu, utaona."

Ni kweli. Nimejaribu. Unaponing'inia unawaza vidole tu.

Mvua ikakatika, akaenda. Nikamwazima mwavuli, ule mzuri.

Nimeudhika sana. Nilikuwa na wivu safi, sasa umeingia huruma ndani, kama maji kwenye mafuta ya taa. Hauwaki vizuri tena.

Jumanne, 22 Septemba

Umewaka.

Soko limejaa, nikafunga kibanda, kitu ambacho sifanyi siku ya soko, iwe Jumanne au Ijumaa. Biira alikuwa amenipa habari bila kuombwa: Masika na Kasereka, kila Jumanne, wanakwenda kile kilima cha nyuma ya parokia. Wawili tu. Wenzake wamebaki ukutani.

Nimewafuata. Nilikuwa na mwavuli, nikauchukua mbele yangu kama kichaka. Kichaka chekundu, lakini kichaka.

Nimeona hivi. Masika anapanda. Mgongoni ana mzigo, na ukanda kwenye paji la uso. Ukanda wangu! Ule wa banda la mbuzi! Kasereka nyuma yake, mikono nyuma. Akifika kwenye jiwe anasimama, anapumua, anapanda tena. Mara moja ameteleza, ameshika ardhi kwa vidole, na yule mtu hakumpa mkono. Alisimama tu. Mimi ningempa mkono. Ningempa yote miwili. Mwili wangu ulitoka nyuma ya mwavuli wenyewe.

"Unafuata mimi kama polisi?" Masika akasema. Hata hakushtuka.

"Nafuata mke wangu. Na ukanda wangu."

Kasereka akageuka akatazama bonde.

Masika akakaa kwenye jiwe, akavua ukanda. Uso umejaa jasho. Na alisema, siyo kwa kelele. Naandika kama alivyosema.

"Nataka kuona mama. Kwa Krismasi. Kwa miguu yangu. Ndiyo nilimwambia Papa Kasereka."

"Lakini nilikuambia nitaleta vijana na ma..."

"Machela! Baba Mumbere, wewe ni mtu wa mlima. Anayebebwa kushuka ni nani?"

"Mgonjwa."

"Na anayebebwa kupanda?"

Kila mtu wa kwetu anajua. Mgonjwa anashushwa hospitali. Anayerudishwa juu amebebwa ni yule anayekwenda kuzikwa kwao.

"Mama aliona machela inapanda, akalia jina yangu. Nilisikia. Nililala pale macho wazi, nasikia mama yangu analia mimi. Wewe umewahi kusikia matanga yako?"

"Na mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia ungenibeba. Na kesho yake ungeenda kucheka nayo kwa kibanda."

Kweli. Ningefanya yote mawili, tena siku moja.

Bado nina wivu. Lakini sasa najua una sura gani. Hakumpenda zaidi yangu. Alimwamini kwamba atanyamaza.

Ijumaa, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru. Magwaride mjini. Sisi tuko kilimani.

Kasereka ametoa amri moja tu, kama afande kweli. "Kuanzia leo Yaya atatembea nyuma. Mikono kwa mugongo. Hapana kusukuma. Hapana kuvuta. Hapana kuongea mingi." Kisha akashuka kwenda kwenye chuma chake, hakutazama nyuma. Nafasi aliyokuwa nayo ameiacha hivihivi, bila hata kuipangusa.

Kutembea nyuma ya mtu unayetaka kumsukuma, na usimsukume. Bendera ni rahisi kuliko hiyo.

Jumamosi, 14 Novemba

Amefika juu ya kilima bila kukaa. Mimi nilikaa. Nilisema ni gambuti.

Kibandani mteja mmoja ameomba ile hadithi ya machela. Nimemwambia sikumbuki. Akasema, mzee, uzee umekufika. Nimeng'ata ulimi, na ulimi wangu haujazoea meno.

Jumamosi, 12 Desemba

Thembo na wenzake hawakusahau. Wamekuja kibandani na kitambaa kwenye fimbo. "Mzee, Krismasi imefika, tupe bendera!"

Nimevuka barabara. Nguzo nimeishika, miguu ikainuka kidogo, ikakumbuka umri, ikarudi. Basi nikahamia kwenye chuma. Nikavuta. Nikavuta kila kilichokuwa ndani yangu, na ndani yangu kulikuwa na mwaka mzima wa kijicho. Nywele zikafika kwenye chuma. Paji la uso likafika. Kidevu kilibaki nyumbani.

Thembo aliimba wimbo hata hivyo, mpaka mwisho, kofia mkononi. Sijui kama alikuwa ananidhihaki. Nadhani hata yeye hakujua.

Kasereka akapiga makofi. "Yaya, mwaka kesho kidevu. Kisha tutaona."

Nilimchukia kidogo. Chuki ya kuweka akiba.

Alhamisi, 24 Desemba

Tumelala Kasese. Masika amepaka miguu mafuta. Ametaka kujua Kasereka atakula na nani kesho. Nimesema sijui. Kisha nimesema nimemwambia Biira amkaribishe. Amenitazama.

Jumamosi, 26 Desemba

Mahango, kwa mama mkwe.

Jana boda ilituacha pale barabara inapoishia. Mzigo nilibeba mimi, kwa ukanda. Masika alishika fimbo tu. Nilitembea nyuma, mikono mgongoni. Huko juu watu wanaona kila anayepanda tangu akiwa mdogo kama siafu, kwa hiyo tulijua tunatazamwa. Nilitamani kupiga kelele, nitangaze. Sikupiga.

Alipumzika mara nyingi. Niliangalia visigino vyake. Vilikuwa vinatimua vumbi, kimoja kikija, kingine kikifuata. Sikuwahi kuviangalia hivyo.

Mama yake alikuwa amekaa na ungo wa kahawa mbele ya jiko. Alikinga macho kwa mkono. Hakuuangusha ungo. Alingoja mpaka Masika akaingia uani kwa miguu yake, akasimama mbele yake.

"Umechelewa," bibi akasema. "Chai imepoa."

Kisha alimshika magoti kwa mikono miwili, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua mboga sokoni. Alikaa ameyashika.

Baadaye akaninyooshea kidole. "Na huyu mzee aliyekubebea mzigo, mpeni chai aende zake." Sijui ni macho yamechoka au ananitania. Nimeamua ananitania.

Leo asubuhi ukungu umelala bondeni, Bwera na Kongo zote hazionekani. Nyuma ya jiko kuna boriti. Nimeangalia huku na huku. Nimelishika, nimening'inia. Kichwa kikanyamaza, kama alivyosema yule mtu.

"Miguu inagusa chini," Masika amesema kutoka jikoni.

Nimeikunja.

Baadaye amekuja amekaa karibu nami kwenye gogo. Amesema kilichokuwa cha mwaka huu kimekwisha, sasa kuna cha mwaka kesho. Ameinama, akaninong'oneza sikioni. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya kahawa.

Nimeitikia kwa kichwa, polepole. Hapa siandiki.